Vikombe vya Wazee wa Safwan

Ghubra, Maskati
6 Oktoba 2024

Mjukuu wangu Raghad,
Salamu tele. Mimi mzima, goti tu linalia kama mlango mkongwe. Wewe je, baridi ya Boston haijakugandisha ulimi? Ijumaa wazee wa Safwan wanakuja kukuposa. Watauliza nasaba, ntawahesabia mababu saba, wakitaka kumi ntawatungia. Na yule seneta wa tasnifu yako, mwizi, au hakupata nafasi?
Babu yako, Thani

Boston, 8 Oktoba

Babu, shikamoo. Mimi mzima. Yule seneta, Orrin Pickard, ujanani alikuwa karani wa nguo za merikani Unguja, miaka mitatu. Akarudi kwao, akawa wakili, kisha seneta miaka kumi na nane. Hotuba iliyompa jina ilitaka wahamiaji "wasiojulikana baba zao" wafukuzwe. Leo ndani ya karatasi zake nimekuta barua ya Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu: "Mtoto wako amezaliwa hapa Mkunazini. Nimemwita Shihab. Ana macho yako ya kijani. Nangoja jibu. Zakiya."
Babu, mama yake babu yako Shihab si Zakiya? Nikiiandika, Safwan simpati. Nikiificha, tasnifu haina roho. Nifanyeje?
Mjukuu wako, Raghad

Ghubra, 9 Oktoba

Raghad,
Salamu leo sina. Chai yote imenimwagikia kwenye kanzu hii ya dishdasha. Mwaka mzima namtukana mzee wa watu, kumbe namtukana babu! Nimekwenda kwenye kioo kuyatazama macho yangu haya ya paka. Shihab bin Abdalla, ndivyo tunavyoandikwa. Abdalla ni jina la kumsitiri mtoto asiye na baba wa kutajwa. Hilo nalijua tangu nna miaka kumi. Sikujua limemsitiri nani! Usiandike kitu.
Babu

Ghubra, 12 Oktoba

Raghad wangu,
U mzima? Jana walikuja watano. Ada unaijua: mwenye haja hanywi kahawa mpaka akubaliwe. Wakaviweka vikombe chini. Nikahesabu nasaba, nilipofika kwa Abdalla babu yake Safwan akauliza, "Abdalla bin nani?"
Wallahi nlikuwa na uongo saba mdomoni. Nikamkumbuka Zakiya, bado anangoja jibu. Nikasema, "Abdalla hakuna. Shihab ni bin Mmarekani. Seneta. Alimkimbia mwanawe." Nikasema, "Haja yenu nimeikubali. Kunyweni." Hakuna aliyenyoosha mkono. Wakaondoka, hata kuaga hawakuaga.
Vikombe sikuviondoa. Leo asubuhi kaja Safwan peke yake kutoka kwao Al Khoudh, kakaa pale pale alipokaa babu yake, kanyanyua kikombe.
"We mwana, hiyo ya jana. Ina nzi."
"Naiona," akasema, akainywa yote.
Andika.
Babu yako,
Thani bin Asaad bin Shihab bin Orrin