Mbegu Zilizotoka Kwenye Udongo wa Tofali

Kijiji kipya, njia ya Ihanja
2 Septemba 1974

Dada Dorika mpendwa,

Shikamoo! Mimi mzima, na kama furaha ingekuwa uji, chungu kingekuwa kimefurika. Wiki ya tano leo tangu ndoa, na Nathanaeli akiingia tu moyo wangu bado unaruka kama mwanambuzi!

Tumehamishiwa bondeni. Nyumba zote zimepangwa mstari mmoja, na aliyeshika kamba ya kupimia ni mume wangu! Kiwanja chetu kina udongo mweusi, laini, wa tofali safi. Majani hamna, ukame na ng'ombe wameyamaliza. Ila udongo umejaa vimbegu hivi vya kahawia, vya pembe tatu. Kuku wamevikataa. Nimekutilia konzi moja humu kwenye bahasha. Wewe unayepima mbegu huko kituo cha kilimo, niambie ni nini. Kama ni maua, nitayapanda mlangoni.

Mdogo wako, mke wa mtu,
Theodora

Morogoro
9 Oktoba 1974

Mdogo wangu Theodora,

Marahaba. Tu wazima. Msalimie sana shemeji.

Si maua. Nimezilinganisha mbegu zako kwa lenzi na zile za vichupani kwetu: ni magugu, ndago za majini. Nisije nikakutisha bure, nikazijaribu. Hamsini niliziweka juu ya pamba yenye unyevu. Haikuota hata moja. Hamsini nikazizamisha kwenye bakuli la maji, dirishani. Zimeota arobaini na moja. Theo, mbegu hii haiamki mpaka maji yasimame. Hapo mnapojenga ni bwawa lililokauka. Hameni kabla ya mvua.

Dada yako,
Dorika

Kijiji kipya
2 Novemba 1974

Dada,

Shikamoo. Afya ipo. Barua yako ililala chini ya mto wa kitanda siku sita. Nathanaeli alikuwa anaezeka huku anapiga mluzi, ningemwambiaje?

Nilipomsomea alicheka. "Kwa hiyo kimbegu kinajua kupima kiwanja kuliko mimi?"

Kisha akaenda kwa Mwenyekiti wa kijiji. Akajibiwa, "Kamba imeshapita. Na huko mlikotoka, paa lipo?"

Halipo, Dada. Liling'olewa tukiangalia siku ya kuhamishwa, ili tusirudi. Na bila barua ya Mwenyekiti hatupandi hata basi.

Sasa anabeba udongo kuinua sakafu, nami nambebea. Nampenda mpaka naona aibu.

Mdogo wako,
Theodora

Kijiji kipya
14 Januari 1975

Dada mpendwa,

Shikamoo. Tunapumua. Maji yaliingia siku ya pili ya Krismasi. Ukuta wa jikoni umelala. Sakafu yetu imebaki juu, kisiwa cha kitanda kimoja. Ruhusa ya kuondoka tumeomba mara tatu, tumenyimwa mara tatu. Barua hii Nathanaeli anaipeleka posta suruali ikiwa imekunjwa mpaka mapajani.

Ndago zako zimeota, kijani kibichi, kuanzia mlangoni mpaka mwisho wa mstari wa kamba. Jana alisimama akaziangalia.

"Mama," akaniita (ndiyo, ananiita hivyo, nawe nihesabie miezi!), "kama hatutoki, basi tulime haya maji."

Tutumie mbegu za mpunga, Dada, upesi. Wala usihangaike kuzichambua ndago zilizochanganyika humo. Hizo tunazo.

Mdogo wako, mke wa Nathanaeli,
Theodora