Matroni wa Biashara

Jumatatu, 3 Agosti
Ripoti ya asubuhi, mambo yale yale. Muuguzi wa usiku amepita kitanda kwa kitanda akimweleza Sista Nafula hali ya wagonjwa. Mimi, msimamizi wa wodi, nimesimama kando kama stendi ya dripu. Nafula ndiye mkongwe hapa Bungoma. Mimi nimeletwa juzi kutoka Kitale. Diploma yangu ya uuguzi wauguzi wa hapa hawaioni, wanaona digrii ya biashara tu. Matroni wa biashara, ndilo jina langu. Mkurugenzi amenipa hadi mwisho wa mwezi. Wakiendelea kunikataa, narudi Kitale. Inauma.

Jumatano, 5 Agosti
Nimebandika ratiba mpya ya zamu. Safi, ya haki, kila mtu na siku zake za kupumzika. Nimejivuna hadi wakati wa chai.

Alhamisi, 6 Agosti
Watatu wanataka ruhusa Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Kumbe ni Agosti ya tohara. Mimi, Mbukusu wa Tongaren, nimepanga zamu kama mtu aliyezaliwa ng'ambo. Nikaona aibu, na kwa aibu nikawakatalia wote.
"Mjukuu wangu anaingia kwa kisu, na wewe unaniambia ati ratiba?" Nafula aliniuliza.
Nilienda kuhesabu glavu.

Jumapili, 9 Agosti
Kaka amepiga simu kutoka nyumbani. Mwanawe pia anatahiriwa. Tarehe hiyo hiyo. Shangazi ni mimi peke yangu. Sasa ruhusa niombe kwa nani? Nimejicheka kwa hasira.

Jumanne, 11 Agosti
Ratiba nimeirarua. Nafula na wenzake wawili waende. Nimewapigia wauguzi wote wa Kitale ambao kwao hakuna tohara mwezi huu. Mmoja ana harusi Moi's Bridge. Mwingine alitaka kwanza kujua kama tutampikia kuku. Nimebembeleza mpaka sauti ikakwama. Wawili watakuja. Pengo limebaki moja na najua wa kuliziba ni mimi. Jumamosi zote zile darasani nikisomea biashara, na hakuna aliyenifundisha kuomba.

Ijumaa, 14 Agosti
Nimemwambia kaka siji. Amekata simu.

Jumamosi, 15 Agosti
Nimevaa sare. Dripu, vidonda, shuka. Kengele za watahiriwa zilipita barabarani na mzee wa kitanda cha pili akaimba nao, bomba puani. Nililia kidogo stoo, nikarudi kazini. Nina hasira na kila mtu, mimi nikiwa wa kwanza.

Jumatatu, 17 Agosti
Nafula ndiye alikuwa zamu ya usiku. Sauti imemkauka kwa kuimba kwenye tohara ya mjukuu, harusi ya kisu, kama anavyoiita. Nilisimama kando, mahali pangu pa kila siku. Alifika kitanda cha kwanza, akageuka kunitazama. Wengine walingoja.
"Sista, si usonge karibu," aliniambia. "Huyu amelala vizuri. Homa imeshuka."
Nikasonga. Alinieleza wote, hadi kitanda cha mwisho.
Kaka bado hashiki simu.