Pole Si Msamaha

Jumatatu, 3 Machi 2025

Wamempata Opiyo. Asubuhi, kwenye magugu maji, mbali na vizimba vyetu vya samaki. Jana upepo ulivuma ghafla, akateleza ukingoni na ndoo ya chakula cha samaki mkononi. Kijana wa miaka ishirini na sita! Hakuwa na jaketi la kuokolea. Majaketi yapo. Mapya, rangi ya machungwa, yamefungiwa stoo. Shimba, msimamizi, alishasema yakichafuka wageni watavaa nini.

Mama yake, Agutu, ni jirani yangu hapa Pasiansi. Bomba letu la maji ni moja. Nilimkuta kakaa chini, kitambaa kimemtoka kichwani, halii. Nikasema shikamoo mama, pole mama. Akanitazama tu. Mimi ndiye ninayekula mshahara wa ofisi iliyomwua mwanawe. Nimeandika nini? Basi, ibaki.

Jumanne, 4 Machi

Ripoti ya kampuni imeshatoka. Haraka hiyo! Mimi ndiye mkalimani wa ofisi, kila neno la bosi lazima lipite kinywani mwangu ndipo liwe Kiswahili. Hili nalo limepita: "marehemu alionekana kuwa amelewa."

Amelewa! Opiyo Msabato. Hata chai ya rangi alikuwa haigusi. Nikamwuliza Shimba nani alimwona amelewa. Dada, wewe tafsiri tu, akasema. Nikatafsiri tu.

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia. Mama Opiyo alinisubiri bombani, mikono mitupu, hakuja kuchota.

"Mama Queen, wewe Opiyo unamjua. Alilewa lini?"

Nikasema mama, mimi naandika wanachosema wao. Jibu la kijinga. Ndoo yangu ikajaa, ikamwagika, nikaiacha imwagike.

Jumatano, 5 Machi

Bwana Markus, meneja, kaniita. Mzungu mpole, ana miaka miwili Mwanza, Kiswahili chake ni cha salamu na sokoni. Macho mekundu. Kesho anakwenda msibani kabla maiti haijasafirishwa Rorya. Anataka kumwambia mama wa watu "sorry". Kwa Kiswahili, kwa mdomo wake mwenyewe. Inasemwaje?

Nikamwambia ipi? Maana kwenu neno ni moja, mnalitumia kwa kila kitu, kwa kumkanyaga mtu na kwa kumwua. Kwetu yapo mengi na hayabadilishani. Pole unampa mgonjwa, mfiwa, aliyejikwaa, hata anayetoka shamba amechoka. Pole haiulizi nani kakosa. Samahani ni ya kumgusa mtu bega, au kuulizia njia. Tunasikitika ni ya barua za kunyimwa kazi, hakuna anayesikitika mle ndani. Niwie radhi ni nzito zaidi, watu wazima wanaambiana wakiwa wameketi. Nisamehe — hapo umekiri. Umejiweka mikononi mwa mwenzio, na anaweza kukataa.

Hiyo ya mwisho kaniuliza mara mbili. Anaweza kukataa? Ndiyo, anaweza. Akainamisha kichwa. Nisamehe, nisamehe, akawa anajifunza kama mtoto wa chekechea. Nikamhurumia, kusema kweli.

Alexander akaingia. Mwanasheria wa kampuni, kashuka na ndege ya asubuhi kutoka Dar, viatu vinang'aa. Alisikia kidogo tu, ikatosha.

"Pole, dada. Pole inatosha. Pole haina mwenye kosa. Hilo jingine lisisikike kabisa."

Anajua Kiswahili vizuri sana huyu. Ndiyo maana analipwa.

Alhamisi, 6 Machi

Nataka kuiandika kama ilivyokuwa, kabla wengine hawajaanza kuisimulia wanavyotaka.

Turubai, viti vya plastiki, jeneza ndani. Wajaluo wengi kutoka Rorya, wajomba, binamu, na majirani wote wa mtaa wetu. Bwana Markus alisimama mbele ya Mama Opiyo, akaongea Kiingereza. Alexander pembeni yangu, karibu mno, nasikia marashi yake. Nikatafsiri nilivyoagizwa. Anasema poleni sana. Anasema pole mama.

Mama Opiyo hakunitazama mimi. Alimtazama yeye.

"Mwambie pole nimeshapewa. Nimepewa na balozi wa nyumba kumi, nimepewa na mwenye genge la mboga, nimepewa na watoto wa shule wasionijua. Yeye amekuja na nini?"

Nikatafsiri. Hiyo niliitafsiri yote, sikupunguza hata nukta! Alexander akamshika bosi kiwiko. Bosi akautoa mkono wake taratibu. Akapiga goti — mzungu, kwenye vumbi, na suruali ile. Akasema kwa Kiswahili:

"Mama. Nisamehe."

Mtu mmoja nyuma akaguna.

"Nikusamehe nini?" Mama Opiyo akauliza, kamshika mkono.

Bosi akafungua mdomo. Alexander tayari amemwinua, anasema muda umekwenda, familia ina safari ndefu. Mama Opiyo alikuwa bado kaushika mkono wa bosi. Hakusema amesamehe, hakusema amekataa. Alisema, nimesikia. Kisha akawageukia watu.

"Na nyie mmesikia. Mlevi aliyejizamisha mwenyewe, mama yake haombwi msamaha."

Nililia barabara nzima mpaka ofisini, Igogo. Nilikuwa na furaha, nadhani. Furaha ya ajabu, ya msibani.

Jumatatu, 10 Machi

Furaha gani! Mjinga mimi.

Alexander kaniita, mlango ukafungwa. Familia imepeleka malalamiko kwa afisa kazi. Shauri litasikilizwa tarehe ishirini. Wanasema kampuni ilikiri mbele ya umati. Alexander anacheka. Mzungu hajui Kiswahili, anasema. Kwake nisamehe na pole ni kitu kimoja, alidhani anatoa pole kubwa zaidi. Sasa afisa atataka kusikia kwa mtu anayezijua lugha zote mbili. Nani huyo? Wewe.

Nikasema mbona nilimfundisha. Jumatano ile, neno kwa neno. Na wewe uliingia ukatukuta.

"Mimi sikukuta kitu. Queen yuko darasa la ngapi vile?"

La tano, nikajibu. Nilijibu! Kama ananiuliza kwa upendo.

Nikamfuata Bwana Markus ofisini kwake. Alikuwa anatazama ziwa dirishani. Kasema uamuzi wa kukana si wake, ni wa wakubwa huko kwao, akipinga ataondolewa, na akiondolewa nani atawanunulia vijana majaketi mengine? Kisha akasema, "Sorry, Getruda."

Nikamwuliza: ipi?

Akaligeukia dirisha tena. Alinielewa barabara.

Jumapili, 16 Machi

Mama Opiyo karudi kutoka kuzika. Kakonda. Kaniletea mihogo, eti nisije nikasema alikwenda kwao akarudi mikono mitupu. Nikaipokea. Mihogo mizuri, mizito, na mimi siwezi hata kumtazama usoni.

Kanisimulia mazishi. Wazee wa kanisa walikuwa wanasitasita, habari ya ulevi ilifika Rorya kabla ya jeneza. Walitaka azikwe kimyakimya, bila kwaya. Wajomba waliokuwa hapa ndio waliosimama: tulimwona tajiri wake amepiga goti, tulimsikia kwa masikio yetu. Basi kwaya ikaja. Ikaimba mpaka jua likawa kali.

"Neno moja tu, Mama Queen. Neno moja limemzika mwanangu kama mtu."

Kumbe yeye hajaambiwa nitakachoulizwa Alhamisi. Au ameambiwa, ndiyo maana ya mihogo? Hapana. Agutu si mtu wa hivyo. Mimi ndiye ninayeanza kuwa mtu wa hivyo.

Nikisema mzungu hakuelewa, Opiyo anarudi kuwa mlevi. Ndani ya kaburi! Wale wazee watasema, si mnaona, tulijua. Na kwaya haiwezi kuimba tena kinyumenyume ikajirudishia nyimbo zake.

Nikisema alielewa, kesho yake sina kazi. Baba Queen aliondoka zamani, hana salamu. Kodi ya nyumba haijui ukweli.

Jumatano, 19 Machi

Alexander kapiga simu. Kasema nivae vizuri kesho. Nijibu kwa kifupi.

Sina cha kuandika.

Alhamisi, 20 Machi

Niko kwenye benchi, ukumbini nje ya ofisi ya afisa kazi. Naandika ili mikono iwe na shughuli. Mama Opiyo kakaa upande wa pili na mjomba wa marehemu. Kavaa gauni lake la kanisani. Aliponiona alisogea, akaniachia nafasi. Sikwenda. Nimekaa huku kwa watu wa kampuni, ndiko kiti changu kilikowekwa.

Alexander yuko ndani. Shimba kashahojiwa, katoka bila kumtazama mtu.

Bwana Markus amekuja sasa hivi. Nilidhani atapita. Ameinama mpaka sikioni kwangu, akanong'ona, si kwa Kiingereza, wala si kwa lafudhi ile ya sokoni. Amesema polepole, kila herufi mahali pake:

"Getruda. Nisamehe."

Hakusema pole! Hakusema samahani. Ameyapita yote yale, akalichukua lenyewe, kwa sababu anajua anaenda kunifanyia nini, na anajua jina la kosa hilo.

Ukumbi huu una mwangwi. Mama Opiyo amesikia. Amegeuza kichwa, ananitazama mimi, si yeye. Mjomba anamwuliza kitu kwa Kijaluo.

Mlango umefunguliwa. Karani ametoa kichwa. Anasema sasa ni zamu ya mkalimani, na aingie na daftari lake.