Mapigo Mawili ya Spana

Buyenzi, Bujumbura
9 Novemba 2000

Kwako kaka Gaspard,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya mafundi wote wa gereji, ninakutangazia kwamba masharubu yangu hayako nasi tena. Yalinyolewa mwezi uliopita, Jumatatu moja asubuhi, mbele ya mashahidi, yakiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Mazishi yalifanyika kwenye ndoo ya kunawia.

Baada ya tangazo hilo, pokea salamu zangu nyingi. Hujambo wewe, hajambo shemeji Spès, watoto wazima? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linalalamika mvua ikikaribia, na nyumba imekuwa kubwa tangu mke wangu Houda alipotangulia mbele ya haki. Jioni tunabaki mimi na redio, na redio ndiyo inayoongea zaidi.

Barua yako Béatrice, na safari zake za biashara ya vitenge, aliniletea gereji, ameikunja ndani ya kitenge alichotoka nacho Kigoma. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa chini nikaisoma tena. Miaka minne, kaka! Unasema mlijua nimekufa, na kwamba Spès huniwashia mshumaa kanisani huko kambini kila Jumapili. Mwambie Mwislamu huyu anashukuru, na mshumaa umefanya kazi. Umeniuliza mambo mawili: kama kweli nilikwenda kuogelea mashindano ya kimataifa, na nilikuwa wapi siku mliyoondoka. La kwanza ni jepesi. Nianze nalo.

Kweli nilikwenda. Klabu yetu ilipewa nafasi mbili kule Tunis, mita mia nne, mtindo huru. Ya kwanza ilikuwa ya Honoré, yule kijana wa Gasenyi mwenye mabega kama mlango. Ya pili ilikosa mtu, maana waogeleaji wetu wametawanyika: huyu Uvira, yule Nairobi, na wengine sitaki kuwaandika. Mkubwa wa klabu akatazama huku na huku, akasema Tajudini, si we unajua maji? Nikamwambia mi kazi yangu ni kufundisha, nina miaka arobaini na minne na kitambi. Akasema kitambi kinaelea. Honoré naye akadai masharubu yatanichelewesha. Ndiyo sababu ya msiba ule.

Mazoezi sikufanyia ziwani. Ziwani lazima awepo mtu wa kutembea ufukweni na rimu ya gari na spana, kama ulivyokuwa ukinifanyia: pigo moja, endelea, mawili, toka haraka, kiboko. Sikuwahi kuuliza mara mbili. Ukipiga mawili niko mchangani kabla sijajua miguu imefikaje. Unakumbuka siku kiboko mwenyewe alipogeuka kuwa gogo? Ulicheka hadi ukakaa chini. Sasa, ulipoondoka, nani angenipigia? Nilimwomba Yahaya wa duka la vipuri. Akasema apana, mutu mwenye akili hasimami ufukweni siku hizi akipiga chuma. Rimu yako ikabaki imening'inia gereji, nami nikajifungia kwenye bwawa la hoteli moja, mita ishirini tu, asubuhi kabla wageni hawajaamka, nikigeuka na kugeuka kama samaki kwenye karai.

Tunis bwawa ni la mita hamsini, unalikata mara nane. Maji ya buluu mpaka unaona haya kuyaingia. Waliniweka njia ya nane, katika kundi la wasio na haraka. Mlio ukalia, wenzangu wakaondoka, nikabaki na povu lao. Walipomaliza, mimi nilikuwa bado kwenye safari ya sita. Kaka, sijawahi kuwa peke yangu namna ile, na watu elfu wananitazama. Wakaanza kunipigia makofi, yale ya huruma, anayopigiwa mtoto anayejifunza kutembea.

Nilitoka majini kwenye mita mia tatu. Hapa mtaani nimewaambia nilikazwa na musuli, na wao wamenipa jina: naitwa Mita Mia Tatu, hata msikitini. Lakini musuli wangu ulikuwa mzima. Nilipokaribia ukuta, juu kwa watazamaji mtu alipiga chuma cha uzio, mara mbili. Basi. Sikufikiri. Nikashika ukuta nikatoka, nikakimbia hatua tatu nne maji yakinitiririka, nikigeuza kichwa kukutafuta wewe na rimu yako. Mwamuzi akaniambia kwa Kifaransa kwamba bado mita mia. Alikuwa na adabu, alinisikitikia. Honoré akaja na taulo, akaniuliza ni musuli, mzee? Nikasema ndiyo, musuli.

Sasa la pili. Béatrice keshakwambia kwamba siku ile nilikuwa Gatumba kutafuta vipuri. Mimi ndiye niliyemwambia aseme hivyo iwapo angekukuta huko.

Sikuwa Gatumba. Ilikuwa baada ya adhuhuri, mtaa mzima umefungwa. Uligonga lango langu la bati kwa spana, mara mbili. Ukangoja. Ukagonga tena mara mbili. Nilikuwa nyuma ya lango, mkono uko kwenye komeo, karibu kiasi cha kumsikia Spès akimbembeleza mtoto anyamaze. Asubuhi yake walikuwa wamepita wenye bunduki, wakasema atakayemficha mtu wa kutoka kaskazini, kama ninyi, ataondoka naye. Niliogopa. Neno lingine sina, nimelitafuta miaka minne. Nikakusikia ukimwambia Spès kwamba huyu wamemuua, Tajudini hawezi kusikia mawili asitoke. Kisha nikasikia hatua zenu zikienda.

Safari hii nilitoka, Gaspard. Nimechelewa miaka minne, na hukuwa wewe.

Mshumaa, mwambie Spès auzime au auache, atakavyoona baada ya kusomewa haya. Béatrice atakaa Kigoma siku tatu, kama una la kunijibu. Kama huna, nitaelewa. Wasalimie watoto, hasa yule aliyekuwa akilia. Atakuwa mkubwa sasa. Lango sijalibadilisha. Alama za spana yako ziko nne, na kila nikifungua asubuhi nazipitishia kidole.

Ni mimi, niliyekuwa nyumbani,
Tajudini