Nyumba ya Harusi Uwanjani

S.L.P. 418,
Garissa.
20 Januari 2025.

Mpendwa mama yangu mdogo, Habaryar Weris,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Hali yako huko Oslo ikoje, na baridi yake? Goti lako limepata nafuu, au bado linagombana na zile ngazi? Hooyo, dada yako, anakuombea kila alfajiri, na amenituma nikuulize kama unakula vizuri. Sisi hapa wazima, alhamdulillahi, na mimi ni mzima kuliko wote, maana nimeolewa siku kumi na moja zilizopita na kila asubuhi naamka nikijiuliza kama ni kweli.

Najua ulilia kwa kuikosa harusi. Picha umeziona, lakini picha hazisemi yaliyotokea siku ya nne ya fungate, ndiyo sababu nimechukua kalamu badala ya kukutumia sauti kwenye simu. Hanad yuko nje anaosha gari, na hata mgongo wake ninaupenda. Usicheke, Habaryar.

Nianze na hilo gari. Mwaka jana kulianzishwa mashindano ya nchi nzima ya magari ya mbio yaliyokwisha kustaafu. Waandaaji waliyakusanya kutoka gereji na nyua mbalimbali, wakampa kila mshindani moja, wakapanga msimu wa mbio sita katika miji sita. Si kama rali, ambapo kila mtu hukimbia peke yake na saa. Hawa hukimbia pamoja, ubavu kwa ubavu, wakizunguka uwanja mmoja. Na sharti lilikuwa hili: mwisho wa msimu, watatu wa kwanza wanabaki na magari yao na nafasi zao za mwaka ujao. Wengine wanayarudisha.

Hanad ni dereva, na fundi wake ni adeer yake, ndugu wa baba yake, Olow, aliyetengeneza malori hapa mjini kwa miaka thelathini. Gari lao lilifika na kutu mlangoni na kiti kimoja tu. Nililiona mara ya kwanza walipolisukuma kupita duka la dawa za mifugo ninakofanya kazi. Hanad aliingia kuomba maji ya rejeta, akasimama pale na jagi tupu mkononi, akasahau alichokijia. Mengine unayajua.

Kwenye mbio za Nakuru walishika mkia, na kosa lilikuwa letu wenyewe. Ndani ya injini kuna kidude kinachoyazuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto. Fundi wa Garissa akikiona hukitoa na kukitupa, maana hapa joto tunalo la kugawa. Adeer Olow alikitupa kwa mazoea, hata hakukumbuka. Asubuhi ya Nakuru ilikuwa na ukungu, injini ikakohoa mbio nzima kama mzee mwenye pumu. Dereva wa timu ya Machakos akawauliza kama gari limekunywa chai au bado. Adeer hakula siku mbili kwa aibu. Lakini baada ya hapo walipanda polepole, mji kwa mji, hata ikabaki mbio moja tu, ya hapa kwetu Garissa. Walikuwa wa nne, na Machakos wa tatu. Wakimaliza mbele ya Machakos, gari linabaki. Wakimaliza nyuma yake, limekwenda.

Mbio hizo zilikuwa ziwe Novemba. Mvua ikaharibu uwanja, zikaahirishwa, na tarehe mpya ikatangazwa kadi zetu zikiwa zimeshagawiwa na jamaa wa Masalani wameshafika. Jumapili, siku ya nne ya fungate.

Wewe unajua desturi. Bwana harusi hatoki siku saba. Akitoka, watu watasema mke hakumpendeza, na maneno hayo hunifuata mimi, hayamfuati yeye. Mama mkwe wangu Mulki alimuuliza mwanawe mbele ya wazee kama ameoa wake wawili, na kama ndivyo, mbona huyu wa pili amekuja na kutu. Wote walicheka isipokuwa Hanad. Alisema hatakwenda. Alilisema taratibu, bila kinyongo, kisha akaniangalia na kutabasamu, na mimi moyo ukanikatika vipande. Nililijua gari lile lilivyokuwa kwake. Mwaka mzima alikuwa akinisimulia kila msumari wake.

Bibi harusi hasemi mbele ya wazee. Nilisema, nikiwa nyuma ya pazia.

"Fungate ni ya watu wawili, si ya kuta. Tukienda pamoja, nani atasema ameniacha?"

Nikadhani nimejiharibia. Kisha nikamsikia mama mkwe akivuta pumzi.

"Basi nyumba itahama. Mama yangu alihamisha yake akiwa na mimba ya miezi minane, jua linawaka. Sisi tushindwe na kilomita sita?"

Habaryar, kwa ajili ya fungate walikuwa wametujengea uani aqal ya kweli, nyumba ya vijiti vilivyopindwa na mikeka aliyosuka Hooyo. Jumamosi jioni wanawake waliifungua yote, wakaipakia kwenye mikokoteni miwili ya punda, na kabla ya magharibi ilikuwa imesimama kwenye uwanda ule wa barabara ya Modika, karibu na kona ya mwisho ya uwanja, na uvumba unafuka mlangoni. Watu wa Nairobi walidhani ni maonyesho ya utamaduni. Wakapiga picha. Ardo, dada yake Hanad, akawaambia hapa wanakaa watu.

Mbio zilikuwa mizunguko ishirini. Mama mkwe alikaa akiipa barabara mgongo, akaapa hataangalia. Machakos walikuwa mbele yetu tangu mwanzo, na sisi nyuma yao, vumbi tupu. Na kila mara Hanad alipofika kona yetu, alipunguza mwendo kidogo. Watu wakaanza kumpigia kelele, bwana harusi aangalie barabara, mke hatakimbia. Niliona haya hadi nikajifunika uso. Mzunguko wa mwisho, dereva wa Machakos akaiingia kona kwa kasi, magurudumu yake yaliyochoka yakamtupa nje kwenye mchanga. Hanad, aliyekuwa akiyatunza ya kwake kwa kupunguza mwendo pale kila mzunguko, akapita kwa ndani. Nikasikia mtu anapiga vigelegele juu ya kichwa changu. Ni mama mkwe, amesimama, na mkeka mmoja ameung'oa.

Nilimuuliza Hanad baadaye, alikuwa akitunza magurudumu au akiniangalia mimi. Alisema mtu mwenye akili hufanya yote mawili.

Tulimaliza wa tano siku hiyo, Machakos wa sita, na katika msimu mzima tukawa wa tatu. Dereva wa Machakos alikuja mlangoni kutupa mkono. Tulimpa maziwa ya ngamia, akayanywa yote, akasema hajawahi kunyang'anywa gari na watu walio kwenye fungate.

Mama mkwe alikataa nyumba ihamishwe mara mbili katika wiki moja, kwa hiyo tulikaa pale pale. Siku ya saba wanawake walikuja kunifunga shaash kichwani, kitambaa cha mke wa mtu, na asubuhi hiyo hiyo lori likaja kuchukua magari ya kurudishwa. Tuliyasikia yakipandishwa, moja baada ya jingine. Kisha mtu mwenye orodha akalisimamia letu, lililoegeshwa mbele ya mlango wetu, akauliza na hili je. Mama mkwe hakuacha kunifunga kitambaa.

"Hilo ni la hapa."

Lori likaondoka bila hilo. Hanad aliingia, akaniona na shaash yangu, akasahau tena alichokijia.

Nisalimie binamu zangu Abdisalam na Ayan, na mume wako. Hooyo, Adeer Olow na mama mkwe Mulki wanakusalimu sana. Mwenyezi Mungu akuponye goti, akurudishe kwetu salama, na akupe furaha kama aliyonipa mimi.

Mimi binti yako akupendaye, sasa mke wa mtu,
Nasteho.