Bramwel na Kanda za Kerala

Hewa ya makaa ilikuua, Bramwel, chumbani mwako pale Kinoo, Jumapili mchana. Jumapili hii mwaka unatimia.

Ulikuwa mpishi. Miaka kumi na minne ulimpikia Mama Kurian kule mtaa wa Karen, na hukurudi nyumbani hata siku moja bila kitu cha watoto. Ukikata vitunguu uliimba nyimbo zake za Kimalayalam, zile zilizovuma kwao Kerala, India, akiwa msichana. Maneno hukuyajua yote, lakini sauti hukukosea. Jirani yako Odhiambo alikuwa akigonga ukuta: "Wewe Mluhya, hapa ni Kinoo, si India!" Nawe ukamjibu, "Unasikiliza bure miaka yote, leta kiingilio!"

Mama Kurian alipougua na kurudishwa kwao, alikuachia kanda zake thelathini na nane za nyimbo hizo. Zilikuwa zimeanza kuota ukungu. Ukamwahidi kumtumia kila wimbo kwa simu, azisikie zote kabla hajafa. Mashine ya kuzihamishia kwenye simu hukuwa nayo. Uliweka simu mbele ya redio kaseti, ukarekodi, nasi tukanyamaza.

Barabara haikunyamaza. Ukaja kwangu, mimi kaka yako, fundi wa milango. "Braza, nizibie hiyo kelele yote." Nikatia mpira kuzunguka mlango na dirisha. Hata upepo haukupita. Nikajisifu.

Ilikuwa Julai, baridi kali, nawe ukaingiza jiko la makaa ili kanda zisishike unyevu. Jumapili ya kwanza ulitoka ukisema kichwa kinagonga. Mkeo Jacklyne akakuambia, "Baba Ivyne, si ufungue hata dirisha." Ukasema magari yataingia kwenye wimbo. Jumapili ya pili ulitoka ukiyumba, ukashika ukuta. Mimi nilicheka. "Kwani hizo nyimbo zina chang'aa?" Ukacheka pia, midomo imekukauka. Hakuna aliyelitazama jiko.

Jumapili ya tatu tulikaa uani kimya, tukidhani unarekodi. Hatukubisha, tusije tukakuharibia wimbo. Ilipofika saa kumi nikauvunja mlango ule kwa mikono yangu. Simu yako ilikuwa bado inarekodi. Tumeisikiliza mara moja tu: wimbo, kikohozi chako kimoja, halafu kanda ikizunguka tupu.

Tumeyaandika haya waziwazi ili anayewasha jiko na kufunga dirisha asome, afungue sasa hivi.

Hakuna siku itakayotupita bila kukukumbuka, ndugu yetu. Ulimaliza kanda kumi na moja. Gharama yake ni hii: Jacklyne hana mume. Ivyne na Zedekiah hawana baba. Mama yetu Namalwa amemzika kitindamimba wake. Nami, Maxwell, sina ndugu mwingine.