Harusi Yetu Ndani ya Flashi

Jumanne, 3 Juni
Nimetoka kazini Lidcombe, huku ughaibuni, miguu inauma kwa kuhudumia wazee tangu asubuhi. Elia yuko mezani tena na daftari lake la diski. Siku ya kumi na mbili akilinganisha diski za kutunzia. Mume wangu ni mzuri jamani, hata akikunja uso. Lakini kompyuta inagonga ndani kama mtu anayebisha hodi, na harusi yote imo humo. Mpiga video ameshafuta nakala yake. Baba yangu naye yumo, akizungumza nasi kwenye skrini ya ukumbi kutoka Kitale. Mwaka mzima alimkataa Elia kwa sababu ni Mkongo. Siku ile akamwita "mwanangu". Mara moja tu.
Elia anasema diski ya kuzunguka ikianguka imekwisha. Isiyozunguka ni ghali. DVD hatuna pa kuitia. Mtandaoni, ukiacha kulipia wanafuta. Anataka kitu cha kudumu miaka hamsini. Hamsini na mimi! Nikambusu. Bado hajanakili kitu.

Alhamisi, 5 Juni
Nimechoka kungoja. Nimenunua flashi nyekundu karibu na stesheni, nikanakili video na picha zote. Elia akacheka. "Flashi ni ya kubebea, mpenzi, si ya kutunzia." Basi atunze yeye! Nilinuna hadi akaniletea chai kitandani. Haki, anajua kuniyeyusha.

Jumapili, 8 Juni
Kanisani Mama Furaha wa kwaya alinishika mkono. Siku ya harusi hakuja, alikuwa na zamu bohari. "Bibi harusi anatuficha harusi? Ama sisi hatutoshi?" Kina mama wakacheka. Ningekataaje? Kwa watu wa Elia hayo ni maringo, na mimi ndiye mgeni wao. Flashi ilikuwa mkobani. Nikampa. Nilifurahi hata, nikiwaza watakavyolitazama gauni langu.

Jumanne, 10 Juni
Kompyuta imekufa. Iligonga mara tatu, skrini ikawa nyeusi. Fundi anasema diski ya ndani haisomeki tena. Elia amekaa na daftari. Kurasa kumi na moja! Nilimwambia ainakili harusi yetu humo. Akalifunga. Kisha nikakumbuka flashi iko wapi.

Jumatano, 11 Juni
Mama Furaha amempa dada yake wa Minto. Dada amempa shemeji yake wa Quakers Hill. Nimewapigia simu wote wakati wa mapumziko, hadi huyo shemeji. "Tulia, mama, tuko tunaiangalia kila siku! Bwana yako anacheza vibaya!" Wao wanacheka, mimi nalia stoo ya mashuka. Najichukia. Elia pia nilimchukia, kama dakika tano.

Jumamosi, 14 Juni
Tumekwenda wote Quakers Hill kwa treni. Flashi ilikuwa imechomekwa nyuma ya televisheni. Picha hakuna. Zilifutwa ili nyimbo za kwaya zipate nafasi. Video ipo. Tulisimama na makoti yetu sebuleni kwa watu mpaka Baba akatokea na kusema lile neno. Elia akajifuta macho kwa mkono wa koti.
Tumerudi na flashi, na diski mbili za kawaida kabisa tulizonunua njiani. Hakuuliza zitadumu miaka mingapi. Moja itakaa kwetu, nyingine Minto kwa dada yake Mama Furaha. Jirani ametuazima kompyuta na inanakili sasa. Zimebaki dakika tisa. Elia amesinzia begani kwangu. Bega limekufa ganzi. Sisogei.